Ungo wa Biasha

Vitumbua vya Biasha vilikuwa havijapata kuungua tangu aolewe, lakini Alhamisi ile viliungua mara mbili kabla jua halijapanda vizuri. Wateja wake, ambao kwa kawaida walifuata mambo mawili pale barazani, kitumbua na habari, waliambulia kimoja tu, nacho cheusi upande. Akiulizwa hili anaitikia ehee, akiulizwa lile anageuza kitumbua kilichokwisha geuzwa. Anainuka, anaingia ndani, anatoka bila alichokifuata. Mumewe Ahmadi, kuli wa bandarini, mtu wa maneno machache kwa sababu nyumba ile maneno yalikuwa na mwenyewe, alimtazama mpaka akachoka. Akamwambia, "Mke wangu, santuri ikinyamaza ghafla ndipo watu wanapotoka nje kuuliza kuna nini." Kisha akaenda zake kazini.

Siku hiyo, baada ya alasiri, makungwi watatu walikuwa wakae kwa Bi Moza kumpima Biasha. Miaka mitatu alikuwa mwanafunzi wa Bi Moza, akijifunza ukungwi: kufunda wari, kuwashauri walioolewa, kuingia nyumba yenye moto na kutoka bila kudondosha makaa njiani. Wakimwona anafaa, msimu huu baada ya mavuno angepewa mwari wake wa kwanza. Wakimwona hafai, ndiyo basi tena. Angebaki mpika vitumbua ajuaye nyimbo zote za unyago na hana wa kumwimbia.

Na mtaa mzima wa pale Lindi ulikuwa umekwisha mpa ukungwi. Nani asiyemtaka Biasha? Mtu akikaa kwake, kabla ya kitumbua cha pili ameshamsimulia mawifi zake, na kabla ya cha tatu ameshacheka. Alikuwa na jiko la maneno, mwenye baridi akija anaota moto.

Bi Moza alikuwa na desturi yake. Mwanafunzi akiiva humkabidhi nyumba moja, aishughulikie peke yake siku arubaini, ndipo makungwi wamwite. Biasha alipewa nyumba ya Esha, binti wa miaka ishirini, ambaye mumewe, Dadi, alikuwa Nachingwea akiendesha trekta la Wazungu waliokuja kulima karanga. Miaka ile nusu ya vijana wa pwani walikuwa huko wakipigana na visiki. Dadi alirudi likizo na birika la buluu, la bati lililopakwa rangi, linang'aa. Mtaa mzima hapakuwa na la pili. Lakini ndani ya nyumba mambo hayakung'aa, na Esha alimweleza Biasha mengi nyuma ya pazia. Yakakaa nyuma ya pazia mpaka Jumatatu, siku ya thelathini na saba.

Jumatatu hiyo baraza ilikuwa imejaa. Jirani mmoja alikuwa akilia kwamba mumewe hajampa hata leso tangu Idi. Biasha akamwonea huruma, na huruma yake daima ilitokea mdomoni. Akamwambia usione wenzio wanaletewa vitu ukadhani wana raha. Kuna mwenzako, jina simtaji, kaletewa birika la buluu kutoka bara, na chai yenyewe mume anakwenda kuinywa kwa mama yake. Watu wakacheka. Jina kweli hakulitaja.

Hajamaliza kukwangua kikaango, maneno yalishafika kwa mama yake Dadi. Jumanne yakafika kwa kinyozi, na huko ndiko Dadi alikoyakuta, shingo ikiwa chini ya wembe, wenzake wakiulizana kama chai ya leo ni ya mke au ya mama. Trekta aliliweza, kuchekwa hakukuweza. Jumatano akadandia lori la kurudi Nachingwea, na siku kumi na moja za likizo akaziacha. Esha akafunga mlango. Biasha alibisha mara tatu. Akasikia ufagio ndani, ufagio ukanyamaza, mlango haukufunguliwa.

Lililokuwa likimtafuna Alhamisi ile lilikuwa hili: Bi Moza anajua, au hajui? Jana walikutana sokoni. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa bei ya nazi, basi. Tangu hapo Biasha ameligeuza lile swali la nazi mara nyingi kuliko alivyogeuza vitumbua. Njiani kwenda kwa Bi Moza aliandaa majibu. La kwanza, mama mkwe wa Esha mwenyewe ana mdomo. La pili, jina hakulitaja. La tatu lilikuwa bado halijaiva alipofika mlangoni.

Ndani walikaa Bi Moza, mfupi, tambuu shavuni; Binti Abdurahmani, mrefu kama mlingoti, ambaye hakuna mwari aliyewahi kumwona akitabasamu; na kungwi mmoja mgeni kutoka Mikindani. Walimwuliza mwari akigoma kula unafanyaje, mke akija analia na mumewe yuko nyuma yake unamsikiliza nani kwanza. Biasha akajibu vizuri, hata yule mgeni akacheka mara mbili.

Kisha Binti Abdurahmani akauliza nyumba ya Esha imefika wapi.

Biasha akasema mume amerudi kazini kabla ya siku zake.

"Kwa nini?"

Biasha akavuta ncha ya kanga yake. Binti Abdurahmani akamwambia asiogope. Aeleze Esha alimwambia nini, nao wapime alimshauri vipi. Humu ni kwa makungwi, halitoki. Na Biasha alikuwa nalo. Kulikuwa na jambo la Dadi, Esha alilisema siku ya kumi kwa sauti ya chini, ambalo lingesemwa pale kila mtu angetikisa kichwa na kusema ah, mwanamume mwenyewe huyo, angeondoka tu. Lingemsafisha Biasha kama mchanga usafishavyo sufuria. Lilikuwa limekwisha fika ulimini.

"Aliyoniambia Esha siyasemi," akasema, "hata humu. Niliyoyasema mimi ndiyo nitakayoeleza."

Akaeleza. Jirani, leso, birika, kicheko. Alipomaliza pakawa kimya, na kimya Biasha hakuwahi kukiweza maishani mwake. Akaongeza kwamba alikuwa anamliwaza yule jirani. Akaongeza kwamba watu wa mtaa ule nao wana midomo. Akaongeza la kinyozi. Bi Moza akainua kidole kimoja.

"Ulimaliza uliposema birika, mwanangu. Haya mengine unampikia nani?"

Binti Abdurahmani akasema yeye hana maneno mengi: mdomo ule ni chungio, arudi kwenye vitumbua vyake, wari wa watu si wa kujaribia. Mgeni wa Mikindani akasema lakini leo alipewa nafasi ya kumwaga na hakumwaga. Wakavutana hivyo, naye Biasha amekaa katikati yao kama mbuzi anayesikia bei yake. Bi Moza akatema tambuu, akasema yeye habari ya birika alikuwa nayo tangu Jumatatu adhuhuri. Watu watatu walimletea, mmoja akiwa mwuza maji.

"Nilikuwa nangoja nione," akamwambia Biasha, "kama itanifikia kwa miguu yako au itaishia kwa miguu ya watu."

Ndipo akasema hukumu. Mwari msimu huu hapati. Kufukuzwa, hafukuzwi. Kila Jumatatu baraza yake ifungwe, aje akae pale na ungo wa karanga za maganda. Mtu akija na shida yake, Biasha amenye. Asijibu, asiliwaze, asitoe mfano, mpaka ungo uishe.

"Wewe ukisikiliza mikono yako haina kazi, basi mdomo unajitafutia. Mwakani tutakutazama tena."

Biasha aliona uso unamwaka. Mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mwenye baraza yake, anapewa kazi ya watoto. Akauliza, na Esha je? Bi Moza akasema kwa Esha amekwenda mwenyewe. Amemwambia ana haki ya kuja kusema lake, na ana haki ya kutokuja.

Jumatatu wateja walikuta baraza tupu. Biasha alikuwa mkekani kwa Bi Moza na ungo mapajani, karanga za shamba la Bi Moza, maana za Wazungu, pamoja na matrekta yote yale, hakuna aliyekuwa ameziona sokoni. Jua lilipofika kizingitini Esha akaingia. Akamwamkia Bi Moza. Biasha hakupewa salamu.

Akasema akiwa amesimama. Mama mkwe amemrudishia vikombe vyake. Kisimani wanamwuliza kama chai imeiva. Birika amelifunika chini ya kitanda kama mtu aliyeiba. "Nilikuita somo wa siri zangu," akasema, "sikukuita mpiga mbiu."

Biasha alikuwa na majibu manne, yote mazuri. Akavunja ganda. Akavunja jingine. Mguu ukaanza kutikisika, karanga zikacheza ungoni. Esha akasema mpaka akaishiwa, akakaa chini, pakawa kimya, kimya kilekile ambacho siku thelathini na saba Biasha alikuwa akikiziba kila kilipotokea, kwa methali, kwa mzaha, kwa habari za ndoa yake mwenyewe. Akamenya.

Na ndani ya kimya hicho Esha akasema tena, kwa sauti nyingine. Akasema Dadi hakuanza kwenda kwa mama yake hivihivi. Usiku wa kwanza aliporudi na lile birika, yeye Esha alimwambia chai yake si ya mtu aliyekaa mwaka mzima bila barua, akainywe kwa aliyekuwa akimwandikia. Naye akaenda.

Vidole vya Biasha vilisimama. Siku zote zile jambo hili lilikuwa likija mpaka mlangoni, na kila likija linamkuta yeye kasimama hapo anazungumza.

"Sasa nifanyeje?" Esha akauliza. "Nimwandikie?"

Biasha akafungua mdomo. Bi Moza, aliyekuwa akijitengenezea tambuu kama mtu asiyekuwamo, akakohoa kidogo. Biasha akaufunga, akaonyesha ungo kwa kidevu. Ulikuwa haujafika nusu.

Esha akautazama ungo, akamtazama Bi Moza, akamtazama Biasha. Akasonya, akasogea mkekani, akautia mkono na kuanza kumenya naye, haraka haraka, ili uishe.