Kurasa Tupu za Mzee Solomoni

Mzee Solomoni hakuwa anasoma. Tabitha aliliona hilo tangu siku ya kwanza, ila hakulisema. Mteja anayelipa bila kubishana bei haulizwi kama anajua kusoma au anapenda tu harufu ya karatasi.

Kibanda cha vitabu vya mtumba kilikuwa Ngarenaro, katikati ya fundi wa majiko na duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye kibanda ni Mzee Nasri, mtu wa asili ya Pangani, na Tabitha alikuwa mwaka wa nne akimfanyia kazi. Shule aliishia darasa la saba, huko kwao mlimani juu ya Maji ya Chai, lakini vitabu alivijua kama mama muuza nyanya anavyozijua nyanya zake. Kitabu cha nyimbo kilichokaa miaka juu ya dari la jikoni alikijua kwa moshi wake, na gazeti lililofungia sukari alilijua hata kama sukari imekwisha zamani. Walikuwa na kalenda za kanisa za enzi hizo, kadi za ushirika wa kahawa, hata kadi za harusi za watu ambao sasa wana vitukuu. Na vitu hivyo vina watu wake. Kuna mwalimu anayetafuta vitabu vya kusomea vya zamani tu, kuna mama wa Njiro anayekusanya kalenda. Wote hao kwanza hutazama jalada, kisha hutafuta mwaka, kisha hunusa.

Mzee Solomoni alianzia nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Leo mna nini cha zamani?"

Alikuwa mzee nadhifu, koti limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alichukua kijitabu cha ufugaji wa kuku, akakifungua mwishoni, akainua karatasi ya mwisho juani. Akakirudisha. Akachukua kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, akafanya vilevile. Hicho akakinunua.

"Mzee, hicho kimekosa nyimbo arobaini za mwanzo," Tabitha akamwambia, maana hakupenda mtu aje kulalamika baadaye.

"Haidhuru. Mimi ni mkusanyaji."

Alipoondoka Tabitha akamgeukia Mzee Nasri. "Mkusanyaji gani hajui anachokusanya?"

"Wewe ungefaa upolisi," Mzee Nasri akacheka. "Mtu kanunua kitabu cha nyimbo, si bangi. Mwache amwimbie Mungu kuanzia wimbo wa arobaini na moja."

Jumanne iliyofuata akaja tena, akachukua kitabu cha upishi, na ile nyingine pia akaja. Safari ya tatu alikuja na kitabu chake cha nyimbo, akataka kubadilisha na kingine, akaongezea hela kidogo. Tabitha akakipokea, akakifungua nyuma. Karatasi mbili za mwisho, zile zisizochapwa kitu, hazikuwepo. Zilikatwa kwa wembe karibu kabisa na mshono, kwa mkono uliotulia, mpaka mtu asiye na mazoea na vitabu asingejua kwamba ziliwahi kuwepo.

Tangu hapo Tabitha akaanza kumtazama. 

Siwema, muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyemjibu bila kujua amemjibu nini. "Yule? Aliwahi kuwa karani. Sasa anawaandikia watu barua na maombi yao huko mjini. Mwandiko wake, shoga, ukiuona utadhani umepigwa chapa. Anajivunia huo! Ukimwambia andika haraka haraka, anakurudishia karatasi yako."

Karani mwenye mwandiko mzuri, ananunua karatasi kuukuu zisizo na maandishi. Tabitha aliligeuza jambo hilo huku na huku. Labda anaandika mashairi. Labda anapenda tu karatasi nzito za zamani. Lakini mtu anayependa karatasi, kwa nini aseme anakusanya vitabu?

Mwezi huohuo bibi yake akampigia simu.

"Tabi, mjomba wako Gerson anasema nihame."

"Uhame wapi, bibi?"

"Kwenye shamba. Anasema babu yako alimuuzia baba yake shamba lote, migomba na kahawa, tangu mwaka sabini na tisa. Anasema karatasi anayo."

Bibi Susana alikuwa na miaka hamsini na mbili kwenye migomba ile. Alizaa mabinti watatu, mtoto wa kiume hakupata, na tangu Babu Naftali afariki, miaka sita sasa, wanaume wa ukoo walikuwa wakilitazama shamba kama watu wanaosubiri sufuria ishuke jikoni. Gerson alikuwa mtoto wa kaka yake Naftali. Miaka sita yote hakuwahi kutaja karatasi. Hata msibani hakuitaja, wala siku ya kugawa nguo za marehemu.

"Ameipata wapi sasa hivi?" Tabitha akauliza.

"Anasema ilikuwa kwenye sanduku la baba yake. Mshili wa ukoo ameitisha kikao Jumamosi. Karatasi ikikubaliwa, mjukuu wangu, mimi nitakuja kukaa na wewe hapo Ngarenaro nikauze chapati."

Alisema hivyo kama mzaha, halafu akakata simu kabla mzaha haujaharibika.

Jumamosi Tabitha akapanda kwao mapema. Uani walikuwa wameshapanga viti vya plastiki na benchi la kanisani. Mzee Ephraimu, mshili, yaani mkuu wa ukoo, alikaa upande wa jikoni ambako hakuna jua. Wazee sita wakakaa naye, wanawake wakakaa kwenye ngazi ya nyumba. Gerson alivaa suti. Alimwamkia Bibi Susana kwa heshima zote, "Shikamoo mama mdogo," mpaka mtu mgeni angedhani amekuja kumposea mtoto.

Sala ikasomwa. Gerson akatoa karatasi kwenye bahasha ya plastiki, akampa mshili kwa mikono miwili.

Tabitha aliiona kwa mbali, akakumbuka vile vitabu vya Mzee Solomoni. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Upande mmoja ulikuwa umenyooka kama umekatwa kwa rula, pande nyingine zimelegea kwa uzee.

Lakini rangi ya chai si ushahidi. Karatasi zote za mwaka huo zina rangi hiyo.

Mzee Ephraimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Mimi Naftali, nikiwa na akili zangu timamu, nimemuuzia kaka yangu shamba langu lote la kahawa na migomba, na fedha nimepokea zote, leo tarehe tisa Julai, elfu moja mia tisa sabini na tisa." Chini kulikuwa na dole gumba na majina ya mashahidi watatu.

"Mashahidi wote ni marehemu," mzee mmoja akasema.

"Mungu awarehemu," Gerson akajibu upesi.

"Na aliyeandika?"

"Karani fulani. Naye marehemu."

"Jamani," shangazi mmoja akasema kutoka ngazini, "hiyo karatasi imeua watu wengi."

Wanawake wakacheka. Bibi Susana hakucheka. Alikuwa anamtazama mshili mdomoni, kama mgonjwa anayesubiri majibu ya daktari.

"Mwandiko ni mzuri," Mzee Ephraimu akasema polepole, "na karatasi ni ya zamani, hilo hata kipofu atalisema. Ona wadudu walivyoitoboa. Huwezi kumwagiza mdudu."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Tabitha akaona shamba linaondoka hivihivi, kwa vichwa sita. Akasimama.

"Shikamooni wazee. Naomba niitazame."

"Utaichana," Gerson akasema.

"Mjomba, mimi kila siku nashika karatasi kuukuu kuliko hiyo. Sijachana hata moja."

Mshili akampa. Tabitha hakuisoma. Aliiinua juani, kama alivyomwona mtu mwingine akifanya. Matobo ya wadudu yalitawanyika kote, makubwa kama punje ya mtama. Akaishusha karibu na macho, akafuata mistari, tobo hadi tobo. Akafika mwisho. Akarudia tena, taratibu, maana aliogopa kujidanganya kwa kuwa anampenda bibi yake.

"Mzee," akamwambia mshili, "wakati unasoma, ulikwama mahali?"

"Sijakwama. Nimekwambia mwandiko ni mzuri."

"Matobo ni mangapi?"

Mzee Ephraimu akaichukua, akahesabu kwa ukucha. "Kumi na saba."

"Naomba kidogo." Akaingia ndani, akafungua sanduku la bati chini ya kitanda, akarudi na kijitabu cha kilimo cha kahawa ambacho ushirika ulimpa Babu Naftali ujanani. Nacho kilikuwa kimeliwa. "Soma na hapa, mzee."

Mshili akashangaa, akasoma. "'Kahawa ichumwe ikiwa nye...' hapa pameliwa. 'Isichanga... na ile...' ile nini hii? Pametoboka. '...ikaoshwe kwa maji sa...'"

"Safi!" wanawake wakamalizia. "Maji safi!"

"Ndiyo, safi, lakini sioni, mdudu kala."

"Mdudu wa kitabu cha babu amekula herufi," Tabitha akasema, "kwa sababu yeye hajui herufi ni nini. Anapita tu. Huyu wa mjomba Gerson ametoboa mara kumi na saba na hajala hata herufi moja. Mzee, tazama neno shamba, mstari wa pili."

Mzee Ephraimu akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Sha," akasoma, "halafu tobo. Halafu mba."

"Aliyeandika alifika kwenye tobo, akainua kalamu, akaendelea upande wa pili. Tobo lilikuwepo kabla ya wino. Karatasi ni ya zamani kweli. Maneno ndiyo ya juzi."

Karatasi ikaanza kupita mkono kwa mkono. Kila mzee alitafuta tobo lake. "Na hapa amelikwepa." "Hapa pia, ona alivyoivuta hii herufi." Mwandishi mwingine angeandika tu, wino ukazama kwenye tobo, neno likaharibika, na leo Bibi Susana angekuwa anafunga mizigo. Lakini mtu anayejivunia mwandiko hawezi kuacha neno lichafuke. Amelitunza kila moja.

"Mtoto wa darasa la saba anatufundisha sheria!" Gerson akafoka.

"Sheria hajaitaja," mshili akasema. "Anatufundisha wadudu. Wewe na kidato chako cha nne hukuwaona."

Gerson akanyoosha mkono aichukue karatasi. Mzee Ephraimu akaikunja, akaiweka chini ya paja lake, akakaa vizuri. "Hii inabaki. Wiki mbili nakupa. Niletee mtu aliyeandika, marehemu au mzima. Usipomleta, mguu wako usikanyage migomba ya mama yako mdogo, na mambo mengine tutayaongelea mbele ya serikali." Kisha akamgeukia Tabitha. "Binti, unamjua aliyeandika?"

Macho yote yakamwelekea. Gerson naye alimtazama, na safari hii hakuwa na hasira usoni, alikuwa na hofu.

"Namdhania, mzee," Tabitha akasema. "Kumdhania siyo kumjua."

Gerson akaondoka bila kugusa chakula. Bibi Susana alikuwa ameanza kugawa loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, kwenye bakuli, anawakaripia mabinti zake kwamba maziwa hayatoshi, na kila akipita karibu na Tabitha alimshika bega.

Tabitha hakuweza kula. Alikuwa anahesabu kichwani. Kitabu cha nyimbo, karatasi mbili. Kile alichobadilishia, mbili. Kitabu cha upishi, tatu. Kumnyang'anya bibi yake kulihitaji karatasi moja tu. Hizo nyingine zilikwenda kwa nani? Na aliyezifunga vizuri kwenye gazeti akampa Mzee Solomoni mkononi ni yeye mwenyewe.

Akasogea nyuma ya jiko, akapiga simu.

"Shikamoo Mzee Nasri. Mzee Solomoni ameonekana?"

"Marahaba mwanangu. Leo si Jumanne, lakini kaja! Kaondoka sasa hivi. Na leo hakuja peke yake, kaja na bwana mmoja wa kutoka Terrat, wamechagua pamoja kama wachumba kwenye duka la makochi. Wamechukua daftari moja la zamani, limejaa kurasa tupu."

"Huyo bwana anaitwa nani?"

"Nilimuuliza wapi? Mteja yule." Mzee Nasri akashusha sauti. "Tabitha, kuna nini?"

"Mkimbilie, mzee. Hilo daftari linakwenda kumnyang'anya mtu shamba."

"Nina miaka sabini na moja!"

"Basi mtume Siwema. Asiwazuie, asiseme kitu. Awafuate tu, aone wanaingia wapi, na huyo wa Terrat anaitwaje."

Akasikia kiti kikianguka, ndala zikiburuza, na Mzee Nasri akipaza sauti kwamba Siwema aache chapati ziungue. Halafu ikabaki barabara peke yake, pikipiki zikipita. Tabitha akaibana simu sikioni, akasubiri.