Sifuna kwa Herufi ya M

Alhamisi moja ya Aprili, mwaka wa tisini na tisa, Nabwile alipanguza meza za ofisi ya shamba la mkonge, kupita kijiji cha Mraru kidogo, akachemsha chai, kisha akasimama nyuma ya karani Mwandawiro kutazama kompyuta ikimtafuta mume wake.

Barua ya makao makuu ya kampuni, Mombasa, ilikuwa fupi. Mjane ambaye mumewe yumo katika orodha ya kampuni atabaki kwenye chumba chake. Ambaye mumewe hayumo, arudishe ufunguo Jumatatu. Sifuna alikuwa amesimama kwenye mashine ya mkonge miaka kumi na minne, mpaka tarehe kumi na mbili Machi mashine hiyo ilipomshika mkono wa kulia ikamvuta, akafa. Nabwile alikuwa amefunga siku tatu, na hakumwomba Mungu makubwa: jina tu lionekane.

Mwandawiro aliandika Sifuna. Programu ya imeli, ambamo orodha ya kampuni ilihifadhiwa, ikakawia, ikajibu kwamba jina halikupatikana.

"Jaribu tena, karani."

"Mama, hii ni mara ya sita. Nimeanza kuionea haya."

Ndipo akaitwa Ridha, fundi mwenye duka la redio Voi mjini. Alikagua waya wa simu, akakagua anwani ya kompyuta kubwa ya Mombasa, akakagua neno la siri. Akaandika Mwandawiro, likapatikana papo hapo. Akaandika Obadiah, jina la meneja, likapatikana.

"Njia iko wazi," Ridha akasema. "Shida ni kwamba kitu hiki hakisomi katikati. Kinasoma jina kuanzia mwanzo. Karani, huyu bwana ulimwandikaje?"

Mwandawiro akakohoa. "Marehemu Sifuna."

"Marehemu?"

"Sasa ningeandika Sifuna mtupu, kama mtu yuko sokoni? Mimi nililelewa, bwana."

Ridha alicheka mpaka akavua miwani. "Wallahi umemzika mtu mara mbili. Mara ya kwanza mchangani, mara ya pili kwenye M."

Akaandika Marehemu. Wakatokea watu thelathini na mmoja. Akamchagua Sifuna, programu ikapiga mstari chini ya jina kama inavyofanya ikimtambua mtu, na Sifuna akabisha hodi, akafuta miguu, akaingia. Alivaa ovaroli yake ya kazi, mkono mmoja wa nguo ukining'inia mtupu. Mwandawiro akampisha kiti. Nabwile akammiminia chai, sukari vijiko vitatu.

"Umekonda," Sifuna akamwambia.

"Nilikuwa nimefunga, Baba Nekesa. Kwa ajili yako."

Ridha akasema sasa inatafuta vizuri, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Nabwile aliachia darasa la sita, na hasomi haraka, lakini anachosoma hakimpiti. Mbele ya jina la mumewe kwenye kioo cha kompyuta paliandikwa: Aliacha kazi kwa hiari, 11 Machi.

"Uliacha kazi?" akamuuliza.

"Niache tarehe kumi na moja, halafu kumi na mbili mashine inile? Kwani nilikuja kuitembelea?"

Meneja Obadiah alitoka chumbani mwake, akamsalimia Sifuna kwa mkono wa kushoto, akampa pole. Akasema mambo ya tarehe ni ya Mombasa. Wakapeleka imeli. Jibu lilifika kabla chai haijapoa. Orodha ya kampuni haibishaniwi. Aliyeacha kazi hana chumba. Na kwa kuwa marehemu sasa wanapatikana, wote thelathini na mmoja waripoti Jumatatu kama vibarua. Malazi hawahitaji.

Nabwile akamtazama mumewe. "Utakwenda?"

"Nisipokwenda, watasema niliacha kweli."

Jumatatu asubuhi king'ora kilipolia marehemu walikuwa wamejipanga mbele ya mashine, na walio hai wakasogea kidogo kuwapa nafasi. Sifuna alikuwa akiilisha majani kwa mkono uliobaki. Nabwile alimpelekea uji, wakaomba pamoja kwa ufupi kwa sababu msimamizi alikuwa anaangalia saa, kisha akaenda kufunga chumba.

Mwandawiro alipokea ufunguo kwa mikono miwili. Akafungua daftari la nyumba, akaandika: Amehama kwa hiari yake. Nabwile akayafuata maneno kwa kidole, moja moja.

"Karani, hapo si kweli."

"Najua, mama." Hakuinua macho. "Weka sahihi."

Nabwile akailaza kalamu mezani, akajitwika godoro. Alipofika mlangoni aligeuka kuaga, maana hakufundishwa kuondoka bila kuaga. Mwandawiro alikuwa ameshaichukua kalamu, anamwandikia jina lake pale penye sahihi, kwa mwandiko mzuri, polepole, bila kukosea hata herufi moja.