Nafasi ya Mke Mmoja

Msusi alikuwa amejifunga kibwebwe. Gauni la harusi alishalinunua, ukumbi ulishapatikana, na kikwazo kilikuwa mtu mmoja tu: mke wa mchumba wake. Hao wawili waliachana kitambo kwa mdomo, kila mtu akashika hamsini zake, ila talaka yenyewe hawakuiandikisha. Sababu ilikuwa kadi ya bima. Mchumba, dereva wa lori la kiwanda, alikatiwa bima na mwajiri wake, na bima hiyo ilikuwa na nafasi ya mke mmoja. Huyo mke sasa alikuwa na saratani ya titi, na mshahara wake wa kufundisha chekechea usingenunua hata sindano moja.

"Kila siku kesho," msusi alimwambia mchumba wake. "Mimi ni mchumba au mpangaji?"

Mchumba alijikuna kisogo, kama kawaida yake akibanwa. Basi msusi akaenda hospitali mwenyewe, kumpa yule mwanamke vidonge vyake vya maneno.

Alimkuta kwenye kiti, mpira wa dripu mkononi, kilemba kimelegea na chini yake hamna hata unywele mmoja.

"Nimekuona kwenye picha. Wewe ndiye yule msusi," mgonjwa alisema. "Pole, dada. Sina kazi ya kukupa."

Msusi alicheka kabla hajajizuia, na papo hapo akajichukia. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimpotea.

"Umefuata habari ya kadi," mgonjwa aliendelea. "Mwambie aje tuandikishe, sijamzuia. Ila asikudanganye kwamba nitajitegemea. Nikitolewa, matibabu yanaishia hapo."

Alilisema hilo kama anataja bei ya nyanya. Msusi alikaa naye mpaka dripu ikaisha, kisha akamfunga kilemba vizuri, maana kazi hiyo angalau alikuwa anaijua.

Jioni alimkuta mchumba anamsubiri, uso umemchangamka.

"Nimekusikia, mpenzi. Kesho tunaandikisha talaka, halafu namtoa kwenye kadi."

Ndicho alichokuwa akikililia mwaka mzima. Roho ilimuuma, kwa ajili ya gauni na kwa ajili ya yule mwanamke, na hakujua lipi lilimuuma zaidi.

"Huendi," alisema.

"Na harusi?"

"Itasubiri. Mimi nimekaa bila ndoa mpaka leo, na sijafa."