Kizingiti cha Mwalimu Wafaa

Hakuna aliyemtarajia mgeni asubuhi ile katika mji wa Jiweni, fahari ya nchi ya Ukale, kwa kuwa njia itokayo nchi jirani ya Machafuko ilizibwa kwa miiba tangu vita vilipoanza. Hata hivyo alifika: msichana mdogo, miguu imechanika, akasimama mbele ya lango la shule akiwatazama wenzake wakiingia, kila mmoja amekumbatia jiwe.

Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya Ukale. Mtoto akitimiza umri wa kusoma, wazazi humega kipande cha kizingiti cha nyumba yao wakampa akikalie darasani; kwani watu wale waliitakidi kwamba elimu haipiti masikioni, bali hupanda kutoka kwenye kizingiti cha wazazi, ikapenya jiwe, ikakwea uti wa mgongo hadi kichwani.

"Jiwe lako liko wapi?" aliuliza Kejeli, bawabu wa shule.

"Nyumba yetu iliungua."

"Hata kizingiti?"

"Kilikuwa cha mbao."

"Loo! Kumbe huko kwenu mnasomea kuni!"

Watoto wakaangua kicheko. Msichana hakuondoka. Mwalimu Wafaa, mjane asiye na mtoto, aliyasikia hayo akatoka nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Waitwa nani?"

"Siachi."

"Basi njoo kesho, Siachi. Utapata pa kukaa."

Msichana alimtazama kwa hofu. "Na nikitoka, utakuwepo? Mama alisema atanisubiri langoni. Kengele ilipolia, hapakuwa na mama wala lango."

Mwalimu alimshika bega. "Kengele ya mwisho ikilia, utanikuta hapa hapa."

Jioni ile Wafaa alishika nyundo, akakimega kizingiti cha nyumba aliyoachiwa na mumewe. Asubuhi Siachi aliingia darasani na jiwe lake, akaketi, ingawa shingo yake iligeukia langoni kila mara. Kabla ya adhuhuri Kejeli alikwisha kumleta Kadhi Jamidi, mlinzi wa ada zote za Ukale, na umati nyuma yake.

"Mtoto huyu amekalia jiwe lisilo la wazazi wake," Kadhi alinena. "Kwa hiyo hajajifunza lolote tangu asubuhi. Anawazibia wenzake hewa bure."

"Mheshimiwa Kadhi," alisema Wafaa, "tafadhali muulize."

Kadhi akamwashiria mtoto. Siachi alisimama, akaeleza somo la asubuhi neno kwa neno: jinsi mto Subira unavyochimbuka Machafuko, ukapita chini ya milima, ukaja kunywesha mashamba ya Ukale bila kuulizwa umetoka wapi. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba mto huo aliufahamu, maana waliuvuka wakikimbia.

Watu wakatazamana. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Ama jiwe la mtu yeyote linafaa, ama mawe hayana kazi."

Jamidi aliona kwamba njia zote mbili zinamfikisha asikotaka, akachagua ile yenye aibu ndogo. "Jiwe limefanya kazi. Mtoto abaki. Lakini nyumba iliyomegwa kwa ajili ya mgeni si nyumba tena, na asiye na nyumba haruhusiwi kuonekana na wanafunzi. Bibi Wafaa, toka mjini sasa hivi, nami nitakuruhusu urudi kufundisha utakapojenga kizingiti kipya. Ukikutwa hapa kengele ya mwisho ikilia, hutafundisha tena Ukale, milele."

"Nenda, mwalimu," Kejeli alinong'ona, kejeli imemtoka. "Kizingiti hujengwa kwa msimu mmoja tu. Mtoto ataelewa."

"Aliyemwahidi mara ya kwanza naye alikuwa na sababu nzuri ya kutokuwepo," alijibu Wafaa. "Leo akikuta lango tupu, kesho haji."

Akavua joho la ualimu, joho alilolivaa ujana wake wote, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti chake. Jua likapinduka. Wazee walipita wakimsihi, wengine wakamtukana. Yeye alisimama langoni.

Kengele ikalia. Siachi alitoka mbio, akasita, akamtafuta kwa macho katikati ya umati.

"Upo," alisema.

"Nipo, mwanangu. Leo umesoma nini?"