Mfarishi Usio na Uzi wa Chini

Fundi aliinuka kumpokea mteja, na mfarishi ukainuka naye. Alikuwa ameushona pamoja na gauni alilolivaa, pindo kwa pindo, mshono ulionyooka usio na kasoro yoyote isipokuwa kwamba haukutakiwa kuwapo. Mkasi ukaanguka, kopo la vifungo likamwagika, na mteja, mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe, akasubiri mlangoni kwa adabu huku Fundi akijifumua. Hakucheka mpaka alipofika barabarani.

Nguo za watu Fundi alizishona bila kosa. Za nyumbani ndizo zilizomtoa jasho. Katika mfarishi huu peke yake alikuwa ameshatia sindano kinyume, cherehani ikawa inaruka mishono. Alikuwa amegeuza kiraka cha shati la Kaka ndani nje, mfuko ukaelekea kwenye pamba. Na alikuwa ameshonea ndani ya bitana futi yake ya kupimia, akaitafuta chini ya meza, juu ya kabati na shingoni mwake mwenyewe, mpaka siku alipoigusa ikiwa imejikunja katikati ya mfarishi. Aliiacha humo humo, akanunua nyingine. Mpiga pasi, aliyefanya kazi zake kwenye kibaraza cha nyumba ile, alimwambia kwamba nguo za watu huzishona kwa macho, na za nyumbani kwa moyo, na moyo haujawahi kusoma futi.

Mfarishi ulikuwa wa Mama, na Mama ndiye aliyeuomba. Alisema baridi inamwingia magotini. Fundi akakusanya nguo kuukuu za familia nzima, kaptula za Kaka za shule, sketi za Dada, koti la marehemu Baba, magauni ya Mama ya enzi zake za kutembea, akazikata viraka. Watu wote walimwita Fundi, hata Mama aliyemzaa, na yeye mwenyewe alikuwa ameacha kugeuka akiitwa kwa jina jingine.

Alishonea chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Miaka iliyopita kiwanda kimoja cha nguo katika mji wa mbali kilimtaka akawe msimamizi, na sanduku lake lilikuwa limeshafungwa Mama alipoanguka bafuni. Kaka alikuwa na biashara zake, Dada alikuwa na mume wake, na Fundi akafungua sanduku. Mama akasema mbele ya wote kwamba chumba cha mbele ni cha Fundi, hata yeye akishafumba macho. Tangu hapo Fundi alimwogesha Mama asubuhi, akashona mchana, akampikia uji jioni, na hakuwahi kukiulizia kiwanda. Alikuwa na chumba chake, na wateja wake walijua dirisha lake.

Cherehani yake ilikuwa kuukuu na yenye kelele. Ikishaanza, aliyekaa nayo hasikii hata nyumba ikibomoka, na familia ilikuwa imezoea kulitumia hilo. Mwenye siri alisubiri Fundi akanyage. Hivyo ndivyo Dada alivyomwambia Mama kwamba ni mjamzito kabla ya ndoa, na hivyo ndivyo Kaka alivyokiri kuhusu pikipiki. Fundi alijua, na hakuona ubaya wowote. Kila nyumba ina pembe yake ya kunong'onea.

Siku ya kushona upindo, Kaka na Dada walikuja wote wawili kwa pamoja, jambo lililoonekana kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Wakakaa sebuleni na Mama, mlango ukiwa wazi nusu. Fundi alifurahi. Alitaka wauone mfarishi umekwisha kabla hawajaondoka, kwa hiyo alikanyaga mbio, akazunguka upande hadi upande bila kuinua kichwa. Alipomaliza walikuwa wameshaaga. Ndipo alipopindua mfarishi, akakuta upande wa chini hauna uzi hata mmoja. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ilikuwa tupu, inang'aa. Hili ni kosa ambalo hata anayejifunza wiki ya kwanza hulichekea: unashona mwendo mzima, unainua kitambaa, kinaachia. Lakini mfarishi haukuachia. Aliuvuta kwa mikono miwili, akaukanyaga kwa mguu akavuta tena. Ulishika barabara.

Kesho yake akampelekea mpiga pasi aunyooshe.

Pasi iliposhuka kwenye upindo, mfarishi ukasema kwa sauti ya Kaka, "Chumba cha mbele ndicho chenye barabara. Duka la dawa haliwezi kukaa uani."

Mpiga pasi akainua pasi, na mfarishi ukanyamaza. Akauliza kama bobini ilikuwa tupu. Fundi akasema ndiyo. Akauliza kama kulikuwa na watu wakizungumza karibu. Fundi akasema walikuwapo. Basi, akasema mpiga pasi, cherehani isipopata uzi hushika kinachopita. Marehemu mama yake aliwahi kushona suruali baba yake akiwa na kifua, ikawa inakohoa magotini kila inapopigwa pasi, mpaka ilipochakaa. Maneno ni magumu kuliko nailoni, na hayachuji.

"Niendelee?" akauliza.

"Endelea," alisema Fundi. "Mkunjo ni mkunjo."

Mpiga pasi akaendelea. Upande wa pili ulikuwa wa Dada, na maneno yake yalivutwa polepole kwa sababu pale Fundi alikuwa ameweka mshono mrefu. Alisema Fundi anaweza kuja kukaa kwake, watoto wanahitaji mtu, msichana wa kazi ameondoka, na cherehani itapata nafasi pale pa kufulia. Kaka akauliza kama Fundi hataleta matatizo. Kisha pasi ikafika kwenye kona, na hiyo ilikuwa sauti ya Mama.

"Yule hana neno."

Kwenye kona ile Fundi alikuwa amerudisha mshono nyuma ili uwe imara, kwa hiyo mfarishi ulilisema mara tatu, kwenda, kurudi na kwenda tena. Mpiga pasi, mtu mwenye methali kwa kila jambo, alifungua mdomo aitoe ile ya kikulacho, akamtazama Fundi usoni, akasogeza pasi mbele.

"Ila msimwambie mpaka amalize mfarishi," Mama akaendelea. Kaka akacheka, kicheko kirefu cha mishono midogo midogo. Kisha Mama akasema, "Mimi kwa kweli..." na hapo ndipo ile sindano ya kinyume ilipokuwa imeruka. Pasi ikapita mahali peupe, urefu wa kiganja, pasipo na kitu. Ng'ambo ya pengo Kaka alikuwa akisema, "Haya, Mama, tumeelewana."

Fundi akaukunja mfarishi, akaupeleka ndani, akakaa nao mapajani. Iliuma. Ya Kaka na Dada angeweza kuyabeba. Alikuwa amewajua maisha yake yote na hakuwahi kuwakabidhi kitu chenye kuvunjika. Lakini Mama ndiye aliyemkabidhi neno, na kumbe Fundi alikuwa amesalitiwa na yule yule ambaye yeye alimwogesha asubuhi ile ile. Aliona haya kama vile kosa lilikuwa lake. Alishika wembe wa kufumulia, akauweka chini. Angefumua, mfarishi ungeachana vipande na maneno yangepotea, na Mama angebaki na magoti ya baridi.

Kilichomsimamisha ni lile pengo. Aliligusa kwa kidole. Mimi kwa kweli nilimwahidi. Mimi kwa kweli roho inanisuta. Mimi kwa kweli siwezi kumfanyia hivyo mwanangu. Sentensi zote zilienea pale vizuri, na kwa muda alikuwa karibu na furaha.

Kaka na Dada walipokuja tena, akautandika mfarishi juu ya Mama. Mwili ulipoupasha joto, ukaanza kusema, pande zake zote, na familia ikasikiliza mpaka mwisho kama wanavyosikiliza taarifa ya habari. Dada akamwekea Mama mto vizuri. Kaka akauliza kama sauti inaweza kupunguzwa. Mama akapapasa upindo na kusema kazi ni nzuri, hasa hapo kwenye kona.

"Basi afadhali," alisema Kaka, na uso ukamkunjuka. "Nilikuwa najiuliza tutamwanzaje. Si umeshasikia mwenyewe, Fundi?"

Fundi akasema amesikia. Dada akauliza atahamia lini, maana watoto wanafungua shule.

"Mama, uliniahidi," alisema Fundi.

"Nilikuahidi, mwanangu," alisema Mama, akamshika mkono. "Ndiyo maana nikasema wewe utanielewa."

Kuhusu aibu hakuna aliyezungumza. Mfarishi ulikuwa umeshasema yote, na wao hawakuwa watu wa kurudia rudia maneno.

Fundi akahamia kwa Dada. Cherehani ikawekwa pale pa kufulia, kati ya beseni na ukuta, na mchana alikuwa akisogeza nguo mbichi za watoto ili apate mwanga. Chumba cha mbele kikapakwa rangi nyeupe, dirisha likatiwa nondo. Wateja waliofika na suruali zilizochanika waliondoka na dawa za kichwa. Mama alizoea mfarishi. Aliwaambia majirani kwamba hajapata kulala vizuri namna ile, na majirani waliokuja kumtazama walisikiliza pande zote, wakaafikiana kuwa ni kazi ya mikono yenye baraka, wakauliza Fundi anakaa wapi siku hizi.

Majani yalipoanza kunyauka, Mama alifika kwa Dada, mfarishi begani, mwenyewe kwa miguu yake. Magoti yalikuwa yamepata nafuu. Fundi akamwamkia, akampa kiti cha kufulia. Mama akaonyesha ile sehemu ya kiganja kimoja: hapa, upepo unaingia hapa.

Fundi akaupokea mfarishi, lakini hakukaa. Alikuwa ameishi na lile pengo miezi yote ile, akilijaza kila asubuhi kabla watoto hawajaamka.

"Mama," alisema, "hapa palipokatika ulisema nini?"

Mama akafikiri. Hakuwa mwongo, hakuna aliyewahi kumkamata na uongo, alikuwa mtu wa kunyamaza tu.

"Eh, nakumbuka," akasema. "Nilisema, 'Mimi kwa kweli naogopa baridi itanikuta mfarishi haujaisha.'"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akakaa, akatoa bobini akaitazama, ilikuwa imejaa uzi mweupe. Akairudisha mahali pake, akashusha mguu wa cherehani, akaziba pengo kwa mshono mfupi wa kawaida. Mama akaukagua, akauvuta, akasema upepo wa mwaka huu ni mkali, heri aupitie mara ya pili.

Fundi akaupitia mara ya pili.