Uzi wa Kurudi

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, mpimaji wa ofisi ya safari alitoa kabatini tufe la dunia, pini mbili na rili ya uzi mweupe. Pini moja aliichoma kwenye uwanja wa ndege wa kwao, nyingine kwenye uwanja wa ng'ambo, kampuni ilikopeleka wasichana kufanya kazi za ndani. Alinyoosha uzi, akaukata, akaupima kwa rula, akajaza fomu. Kompyuta ilikuwapo, lakini mkurugenzi aliamini uzi.

Mwanzoni kwenda na kurudi vililingana: saa tano na dakika arobaini. Kadiri wasichana walivyoondoka, uzi wa kwenda ulifupika na wa kurudi ukarefuka, juu ya tufe lile lile, kati ya pini zile zile. Mpimaji alibadilisha rula, kisha akaandika alichokiona. Sasa kwenda kulichukua dakika ishirini. Kurudi kulimaliza rili nzima: miaka minne na miezi miwili. Safu ya tatu ya fomu, ya majeneza, haikusogea. Saa tano na dakika arobaini, wala hayakuwahi kuchelewa.

"Ubaoni andika namba ya kwenda," mkurugenzi alimwambia. "Ya kurudi tia kwenye droo pamoja na uzi wake. Umeshaona abiria anaiulizia?"

Hakuwa ameona. Akaitia kwenye droo.

Dada yake mkubwa alipanda ndege ya kurudi mwaka jana, mkataba wake ulipokwisha. Kila Jumapili alipiga simu kutoka hewani.

"Wametugawia chai tena," alisema. "Huyu wa dirishani ameota mvi. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza mmefika wapi."

"Mwambie bado lile wingu."

Jumatano moja mdogo wao wa kike, kitindamimba, aliingia ofisini na begi na mkataba aliokwisha kuutia sahihi. Mpimaji alifungua droo, akauvuta uzi. Ulizunguka meza, ukatoka mlangoni, ukapita ukumbi wa kusubiria, ukaingia barabarani. Wasichana waliokuwa wamekaa ukumbini waliinua miguu upite.

"Umeuona?"

"Nimeuona, kaka. Macho ninayo."

"Basi usiende."

"Dada alikwenda kwa saa tatu, mimi naenda kwa dakika ishirini. Unataka ningoje nini?" Akacheka. "Na wewe uliyekaa hapa miaka yote unapima, umefika wapi? Habari za kurudi tutaongea nikirudi."

Mpimaji alimbebea begi hadi langoni. Uzi ulikuwa bado haujaisha kukunjwa mdogo wake alipotuma ujumbe: amefika salama, mwenye nyumba ni mkarimu, na pasipoti ameshamchukulia, kaifungia kabatini isije ikapotea.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili kasoro dakika kumi, simu ya dada mkubwa iliita. Haikuwa siku yake.

"Habari njema, mdogo wangu. Tumeambiwa mwenye haraka anaweza kuhamia ndege ya mizigo. Iko hapa ubavuni. Saa tano na dakika arobaini tu."

"Wangapi wamehamia?"

"Wengi. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Dada, haraka ya nini? Kaa hapo hapo. Kunywa chai."

"Nimechoka kukaa. Mama bado ananitandikia kitanda?"

"Kila siku."

"Mwambie leo asikitandue."

Simu ikakatika. Mpimaji alipiga mara tatu, haikupokelewa. Saa mbili ilipogonga alitoa tufe. Kwenda: dakika kumi na nane. Aliziandika ubaoni kwa chaki, tarakimu nene zisomeke tangu mlangoni, na ukumbi ukafurahi. Kurudi kulihitaji rili mbili. Akazitia kwenye droo, ikakataa kufunga, akaisukuma kwa goti.

Kisha alibisha kwa mkurugenzi, akaomba ruhusa ya kutoka saa saba akapokee mzigo wa saa saba na nusu. Mkurugenzi alimruhusu, akamkumbusha asichelewe, maana mzigo wenyewe hautachelewa.