Moja Inayobaki

Ikabaki moja tena. Ubaid aliufuta ubao kwa kiganja, akaliandika upya jina la mkewe kwa herufi za Kiarabu, na juu ya kila herufi akaweka idadi yake kama alivyofundishwa: nuni hamsini, sini sitini, ye kumi, be mbili, he tano. Nasiba, mia moja ishirini na saba. Akaongeza jina la mama mtu, Bi Shekha, mia tisa na kumi na tano. Akajumlisha, akatoa kumi na mbili kama kanuni itakavyo, akagawa kwa tatu. Akaihakiki hata kwa simu, jambo ambalo marehemu mwalimu wake angelicheka mpaka akapaliwa. Simu nayo haikuwa na habari njema zaidi.

Moja hiyo aliijua tangu alipomwoa. Jedwali la nyumba tisa, tatu kwa tatu, ambalo kila mstari wake sharti ulete jumla ile ile, halipendi mabaki. Ukibakiwa na moja, huna budi kuipenyeza kuanzia nyumba ya saba, na safu zote zitakutii, za kulala na za kusimama, ila mstari mmoja wa kutoka pembe hadi pembe utapungua moja. Kwa watu wengine Ubaid hakujali. Majirani wa mtaa wa Barani walimwita Mwalimu ingawa hakuwa na chuo wala mwanafunzi. Alikuwa mzee aliyefanya kazi ya chumvi Marereni mpaka miguu ikamgomea, akabaki na ubao, chaki na kalamu ya tete. Mtoto asiyelala, mke anayeumwa mgongo, aliwaandikia kombe, maandishi ya kuoshwa kwa maji, wakanywa, wakashukuru, na kama jedwali lilichechemea hakuna aliyejua.

Kwa Nasiba alijali, kwa kuwa hospitali ilishasema neno lake. Ini limekwisha, daktari alisema kwa upole, mrudisheni nyumbani mkampe anachopenda. Nasiba alipenda samaki wa kupaka, na sasa hakuweza hata kumnusa.

Bi Shekha alitoka chumbani kwa mgonjwa, akauliza kama hesabu imekaa. Ubaid alimjibu kwamba ni pembe ile ile. Mama mkwe akajishusha polepole juu ya busati, akautazama ubao kwa muda mrefu, mwanamke asiyejua kusoma hata tarakimu moja.

"Ubaid mwanangu, weka chaki chini," alisema. "Mimi siye niliyemzaa Nasiba."

Akamweleza bila kumtazama. Aliyemzaa ni mdogo wake, Mahira, aliyefariki Mambrui siku ya tatu baada ya kujifungua. Wiki hiyo hiyo Bi Shekha naye alikuwa amemzika mtoto wake mchanga, na maziwa yalikuwa yamemjaa yakimuuma. Akampakata mtoto, akamnyonyesha. Mumewe akasema asije mtu akamwita yatima. Waliojua wakafa mmoja mmoja, na miaka arubaini na minne ikapita.

Ubaid aliuvuta ubao karibu. Elimu yake humhesabu mtu kwa mama, kwa kuwa baba, wakubwa walisema, ni habari ya kusikia, lakini mama huonwa akizaa. Kumbe na mama naye alikuwa habari ya kusikia.

Akaandika Mahira. Mia mbili hamsini na moja. Jumla ikawa mia tatu sabini na nane. Akatoa kumi na mbili, akagawa kwa tatu, na hakikubaki kitu. Akazijaza nyumba kuanzia mia moja ishirini na mbili. Kulala, kusimama, pembe hii, pembe ile, kila mstari ulileta mia tatu sabini na nane. Furaha ilimjaa, na akaionea haya.

Alilainisha zafarani kwa marashi, akaliandika jedwali kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji kidogo na kuyakinga kwenye kikombe. Hapo ndipo akasita. Kombe la mwalimu wake lilikuwa na sharti: anayekunywa hutajiwa sikioni jina lake na la mama aliye ndani ya hesabu. Usipomtaja mama huyo, umempa mgonjwa maji ya zafarani tu. Ilibidi amwambie Bi Shekha.

Bi Shekha alikitazama kikombe. "Mtaje," akasema. "Bora anichukie akiwa hai."

Nasiba alikuwa amelala ubavu, macho yake ya manjano yakifuata kikombe. Alipomwona Bi Shekha anageuka kutoka, aliunyosha mkono wake mwembamba akaudaka wa mama.

"Mama, usiende," alisema. "Nikikushika siogopi."

Bi Shekha akakaa kitandani. Akauinamisha uso, akasubiri.

Ubaid alipiga magoti. Katika maisha yake yote hakuwahi kushika hesabu iliyotimia namna hii, na alimtaka mkewe apone kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote. Alifikiria kulitaja jina kwa sauti ndogo kabisa. Lakini sikio ni sikio, na Nasiba alikuwa anasikiliza.

"Nasiba," alisema. "Nasiba binti Shekha."

Nasiba alikunywa mafunda matatu, la tatu likamwagikia shingoni. Bi Shekha aliinua macho kumtazama mkwewe, machozi yakimtiririka, na Ubaid hakujua kama anashukuriwa au analaumiwa. Yeye alijilaumu. Alikisuza kikombe, akarudi barazani kwenye ubao wake, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Akalifuta jedwali lililotimia. Akaandika Nasiba, akaandika Shekha, akatoa kumi na mbili, akagawa kwa tatu. Ikabaki moja. Safari hii hakuitafutia nyumba. Aliiacha peke yake ukingoni mwa ubao, akakaa akiitazama, na kutoka chumbani akamsikia Nasiba akimwomba mamake amkune mgongo, pale juu kidogo, hapo hapo.